Kanuni, Damu na Mirathi: Ufundi wa Kutisha katika Kisa cha Mbega

Hakuna zimwi katika kisa cha Mbega. Hakuna mzuka anayeinuka makaburini, hakuna sauti inayoita kutoka kisimani, wala mlango unaofunguka wenyewe usiku wa manane. Kuna mtoto aliyeota meno, ndugu wanaogawana mali ya marehemu, msako wa nguruwe, moshi unaopanda kutoka porini, na kundi la vijana wanaohama kwa siri. Hata hivyo, msomaji makini anayeifungua sehemu ya kwanza ya Habari za Wakilindi, tarihi ya watawala wa Usambara waliotokana na Mbega, hufika mahali ambapo mwili hutambua jambo kabla ya akili: anasoma tarihi, lakini anaogopa. Uhakiki huu unakusudia kueleza jinsi hofu hiyo ilivyojengwa, na kwa nini mwandishi wa leo wa riwaya ya kutisha, hasa anayeishi na kuandika katika nchi ile ile ya kisa, yaani Handeni na Korogwe, ana sababu ya kuisoma kazi hii kama darasa la ufundi, si kama kumbukumbu ya watawala peke yake.

Kitabu chenyewe kilizaliwa katika nchi hiyo. Mtunzi wake, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, alikuwa mtu wa pwani aliyepanda bara na kuingia katika utumishi wa Semboja, mtawala wa Kikilindi aliyekaa Mazinde, mahali ambapo leo pamo ndani ya Wilaya ya Korogwe. Aliandika kwa Kiswahili, na misheni ya UMCA ikaipiga chapa kazi yake huko Magila, upande wa Muheza, kwa sehemu tatu: 1895, 1904 na 1907. Mwaka 1962 East African Literature Bureau ilitoa toleo jipya lililohaririwa na J. W. T. Allen, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1963. Baadaye mwanahistoria Steven Feierman, katika The Shambaa Kingdom cha mwaka 1974, alionyesha kwamba kisa cha Mbega kimeundwa kwa jozi za vinyume: pori na kaya, nyama na nafaka, mgeni na mwenyeji. Yeye alilisoma umbo hilo ili aielewe siasa ya Washambaa. Hapa nalisoma ili tuielewe hofu, maana vinyume hivyo hivyo vinavyomfanya mgeni awe mfalme ndivyo vinavyomfanya, kwa muda mrefu wa masimulizi, awe mtu wa kuogopwa.

Ramani ya kisa nayo ni sehemu ya umbo lake. Mbega anatoka Ngulu, kwenye milima ya Nguu, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kilindi, wilaya iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Anakwenda kwanza Kilindi, na kutoka huko anaelekea milima ya Usambara, safari isiyoweza kukwepa mto Ruvu, ule ambao ramani nyingi huuita Pangani. Kwa maneno mengine, masimulizi yanatembea kutoka milima hadi milima kupitia nyika iliyo katikati, nchi kavu ya vichaka inayoonekana yote kwa pamoja ukisimama juu ya ukingo wa Usambara. Nchi ya namna hiyo humpa mwandishi kitu ambacho msitu hauwezi kumpa: mtu huonekana kwa mbali muda mrefu kabla hajafika, na anayemwona anabaki na saa nzima ya kukisia ni nani.

Tuanze na msingi wa jengo. Mbega ni kigego: meno yake ya juu yalitangulia yale ya chini. Katika jamii kadhaa za pwani na bara yake, mtoto wa namna hiyo aliaminika kuwa angewamaliza jamaa zake, na desturi ilitaka aangamizwe mapema. Wazazi wa Mbega hawakumwangamiza, walimlea. Hayo ndiyo tunayopewa mwanzoni, na tunapewa kwa ukavu wa mtu anayetaja bei ya chumvi. Msimulizi hatuombi tuiamini kanuni hiyo, wala hatuelezi kama yeye mwenyewe anaiamini. Anaiweka tu mbele yetu, kisha anaendelea na habari. Lakini tangu sentensi hiyo ipite, hakuna kifo chochote katika ukoo wa Mbega kitakachokuwa kifo tu. Kila homa, kila mti uliokatika na kila nguruwe aliyegeuka vitasomwa kwa kanuni hiyo, na atakayevisoma hivyo si msimulizi, ni sisi.

Hapa ndipo napenda kutofautisha hofu za aina mbili katika fasihi. Ya kwanza naiita hofu-umbo: mwandishi anachora kiumbe, anakipa kucha, harufu na mwendo, na kutisha kwa kazi yake kunategemea uwezo wa msomaji kukiona. Ya pili naiita hofu-kanuni: mwandishi anatamka sharti, anaonyesha kwamba sharti limevunjwa, kisha anamwacha msomaji akingoja malipo. Hofu-umbo ina nguvu ya ghafla, lakini hupungua kila kiumbe kinapozidi kuonekana. Ndiyo maana hadithi nyingi za mazimwi hulazimika kuongeza vichwa na mikia kadiri zinavyoendelea. Hofu-kanuni hufanya kinyume: hukua bila mwandishi kuongeza chochote, kwa sababu inalishwa na wakati. Edgar Allan Poe, katika insha yake ya mwaka 1846 kuhusu falsafa ya utunzi, alishauri kwamba mtunzi aanze kwa kuamua athari anayotaka kuiacha kwa msomaji, ndipo apange kila tukio kuielekea. Msimulizi wa Mbega amelifanya jambo hilo bila kulitangaza: athari nzima imefungwa katika kinywa cha mtoto mchanga, na kurasa zinazofuata ni kuifungua tu.

Chombo chake kikuu cha kuifungua ni cha kisarufi, nacho ni kiambishi ambacho kila msimulizi wa Kiswahili hukitumia bila kufikiri. Nitatunga sentensi yangu mwenyewe ili tukione kikifanya kazi: Nguruwe akageuka, kijana akateleza, mkuki ukaanguka, damu ikatoka. Matukio manne yamepangwa kwa -ka-, kila moja likikanyaga kisigino cha lililotangulia, na hakuna hata moja lililoelezwa kuwa ni chanzo cha jingine. Kiswahili kinaturuhusu kusimulia mfuatano mzima bila kutaja sababu. Sasa tuibadili: Kijana aliteleza kwa sababu majani yalikuwa na umande, na kwa hiyo nguruwe akamfikia. Habari ni ile ile, lakini nafasi zote zimejazwa. Kigego hana pa kupita. Katika mtindo wa kwanza, nafasi iliyo kati ya kitenzi na kitenzi iko wazi, na kanuni iliyotamkwa mwanzoni inaingia humo yenyewe, kimya kimya, na kuyaunganisha matukio kwa uzi ambao msimulizi hakuushika mkononi. Habari za Wakilindi imesukwa kwa -ka- na kwa mazungumzo ya moja kwa moja; maelezo ya sababu ni machache. Wenye haraka wataona ni usahili wa mwandishi wa zamani. Kwangu mimi ndiyo siri ya kutisha kwake.

Tukio linaloonyesha hilo vizuri zaidi ni kifo cha mtoto wa mtawala wa Kilindi. Mbega amefika huko baada ya kutoka kwao, akapokewa, akachanjiana udugu na kijana huyo. Ni mwindaji hodari mwenye mbwa na mikuki, na ni mganga. Vijana wanampenda na kumfuata. Wanatoka kuwinda nguruwe, na nguruwe anamuua mtoto wa mtawala. Hakuna aliyemwona Mbega akifanya lolote. Kila mwindaji anajua kwamba nguruwe aliyejeruhiwa hugeuka, na kwamba meno yake hupasua. Tukio lina sababu ya kutosha, na bado halitoshi, kwa kuwa marehemu alikuwa ameingizwa katika damu ya Mbega kwa kuchanjiana, na kanuni ilisema tangu mwanzo kwamba damu ya Mbega ndiyo itakayokufa. Udugu, ambao ni zawadi kubwa kuliko zote mgeni anayoweza kupewa, ndio uliomweka kijana yule mahali pa hatari. Huu ni ufundi wa hali ya juu: mwandishi amelichukua tendo la upendo na kulifanya liwe mlango wa mauti, bila kubadilisha sauti yake hata kidogo.

Nadharia ya fasihi ya kifantasia iliyowekwa na Tzvetan Todorov mwaka 1970 ingetuambia kwamba kutisha kwa namna hii kunatokana na kusita: msomaji ananing'inia kati ya maelezo ya kimaumbile na maelezo ya kimiujiza, na fantasia inaishi kwa muda wote wa kusita huko. Nadhani kisa cha Mbega kinatutaka tuifanyie marekebisho. Hapa hakuna kusita. Wahusika hawaulizi kama ni nguruwe au ni kigego. Wanajua kwamba ni vyote viwili. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande, alieleza jambo la aina hiyo kwa mfano wa ghala lililowaangukia watu waliokaa kivulini mwake: kila mtu anajua kwamba mchwa walikula nguzo, na kinachotafutwa ni kwa nini liliwaangukia watu hao, saa hiyo. Naziita sababu za namna hiyo sababu pacha, maana huzaliwa pamoja na hakuna inayomfukuza mwenzake. Riwaya ya kutisha inayojengwa juu ya sababu pacha haihitaji kumficha msomaji jibu. Inaweza kumpa maelezo yote ya kimaumbile mchana kweupe, na akaendelea kuogopa.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye tukio ambalo kwa maoni yangu ndilo kitovu cha hofu yote, ingawa hakuna damu inayomwagika ndani yake. Kabla ya Mbega kufika Kilindi, palikuwa na suala la mirathi. Ndugu wanagawana mali, na Mbega, mtu mzima sasa, anadai fungu lake. Wanamnyima, na hoja yao ni kwamba yeye ni kigego, na jamaa waliokufa wamekufa kwa ajili yake. Tuangalie kilichotendeka hapo. Kanuni ambayo hadi sasa ilikuwa imani imegeuka kuwa hoja ya mezani. Vifo ambavyo vilikuwa misiba vimegeuka kuwa ushahidi. Na wanaoutoa ushahidi huo ni wale wale watakaofaidika ukikubaliwa, kwa kuwa fungu la Mbega litabaki mikononi mwao. Msimulizi hasemi kwamba ndugu hao ni waongo. Hasemi kwamba ni waoga. Anaviweka vitu viwili upande kwa upande, hofu na mali, na kutuacha tuone jinsi vinavyofanana sura. Mtu anayetafuta chimbuko la kutisha katika nathari ya Kiswahili asiende makaburini. Aje kwenye kikao hiki cha ndugu, ambapo mtu mmoja anaambiwa na damu yake mwenyewe kwamba yeye ndiye maafa.

Ufundi wa pili unaofaa kutazamwa kwa karibu ni namna masimulizi yanavyohamisha jicho. Kwa muda mrefu tumekuwa na Mbega: tumekwenda naye kutoka Ngulu hadi Kilindi, tumetoroka naye pamoja na vijana waliomfuata baada ya msiba wa mtoto wa mtawala. Kisha tunafika milimani, na ghafla tuko upande wa pili. Watu wa Zirai, huko huko Usambara, wanaona moshi porini. Hawajui ni wa nani. Tunaojua ni sisi wasomaji, na kwa sentensi chache tunalazimika kumwangalia Mbega kama wanavyomwangalia wao: mtu asiye na kijiji, anayeishi na mbwa, aliyezungukwa na nyama. Moshi ni alama kamili ya hofu-kanuni, kwa sababu unathibitisha kwamba kuna mtu, na haumwonyeshi. Mkutano unaofuata unaishia kwa heri; nyama ya porini inabadilishwa kwa vyakula vya shambani, na mgeni anaanza kuwa mwenyeji. Lakini heri hiyo ina uzito kwa sababu msomaji ameshauhisi mwili wake ukijiandaa kwa shari. Mwandishi wa kutisha anayejua kazi yake huyatendea matarajio hivyo: huyapandisha hadi kikomo, kisha huyapa njia ambayo msomaji hakuiwazia.

Hata mwisho wa maisha ya Mbega umeandikwa kwa mkono huo huo. Anakuwa mtawala huko Vuga; njiani anaua simba, na ngozi ya simba huyo inaingia katika kuzaliwa kwa mwanawe na katika jina la utawala. Anapokufa, kifo chake kinafichwa. Wazee wachache wanajua; mrithi analetwa kutoka Bumbuli usiku; umma unaamka na kumkuta mtawala mpya. Hakuna kinachotisha waziwazi katika utaratibu huo, ambao ni busara ya kawaida ya kulinda kiti. Lakini mtazame aliyefichwa ni nani. Mtoto ambaye kuzaliwa kwake kulipaswa kufuatwa na kifo cha siri amepata kifo cha siri mwishoni, na safari hii mirathi, ambayo yeye alinyimwa kwa sababu ya hofu, inapita salama kwa mwanawe kwa sababu ya siri. Muundo umefunga mzingo wake bila msimulizi kuelekeza kidole.

Abdallah aliyajengaje haya? Kuhusu mazoea yake ya kuandika, ushahidi tulionao ni maandishi yenyewe, na maandishi hayo yanaonyesha tabia tatu. Ya kwanza ni sauti ninayoiita sauti ya karani: sentensi inayotaja mtu kwa jina, mahali kwa jina, na tendo kwa kitenzi kimoja, bila kivumishi cha kutisha. Ya pili ni kuwaachia watu waseme wenyewe. Mazungumzo yanabeba uamuzi mzito, na msimulizi anakaa pembeni. Ya tatu ni kukaa karibu na mambo. Mtu huyu aliishi katika nchi iliyovurugwa na vita vilivyofuata kifo cha mtawala Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, akamtumikia mmoja wa waliopigana, na katika sehemu za baadaye za kitabu anaandika mambo ya zama zake mwenyewe. Aliyeona ndugu wa ukoo mmoja wakichomeana miji hakuhitaji kukopa hofu mahali pengine. Alihitaji kuirudisha nyuma, hadi kwa babu yao, na kuonyesha ilivyoanza. Na kumbuka kwamba hakuwaandikia watu waliojitenga na dunia: reli ya kutoka Tanga ilikuwa imekwisha kufika Korogwe mwaka 1902, miaka miwili kabla ya sehemu ya pili kutoka. Kisa cha kigego kilisomwa na watu waliosikia honi ya treni, na hakikupungukiwa na chochote.

Urithi wa mbinu hizi katika riwaya ya Kiswahili unaonekana wazi tukimsoma Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, inaanzia pale ambapo Abdallah alianzia: mahali penye kanuni. Mzimu ni eneo lenye masharti, na mauaji yanapohusishwa nao, jamii ina maelezo tayari. Kinachobadilika ni kwamba anaingia mpelelezi Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, na kufanya jambo ambalo hakuna mtu katika kisa cha Mbega aliyelifanya: anasimama katikati ya kitenzi na kitenzi na kuuliza kwa nini. Riwaya ya upelelezi ya Abdulla inaweza kuelezwa kuwa ni kazi ya kujaza nafasi ambazo -ka- huziacha wazi. Na hatushangai tukikumbuka maisha ya mtunzi: alianza kazi mwaka 1938 akiwa mkaguzi katika idara ya afya, akahudumu miaka kumi, kisha akawa mhariri wa magazeti, na kuanzia 1958 hadi 1968 alihariri Mkulima, jarida la kilimo la Tanganyika. Mkaguzi huingia nyumba ya mtu akitafuta chanzo cha ugonjwa, na mhariri hukata neno lisilo na ushahidi. Mazoea hayo mawili ndiyo yaliyomuumba Bwana Msa.

Lakini Abdulla hakuiondoa hofu, aliihamisha. Mzimu unapovuliwa nguvu zake, kinachobaki ni binadamu, na riwaya zake zinarudi mara kwa mara kwenye nasaba zilizofichwa na damu isiyotajwa. Hata Kisima cha Giningi, riwaya ya mwaka 1968 iliyoazima jina la Giningi, makao ya wachawi katika masimulizi ya Zanzibar, inamchukua msomaji kutoka kwa wachawi na kumfikisha kwa watu wa nyumbani. Ni kikao kile kile cha ndugu, ila sasa kuna anayeandika kumbukumbu za kikao. Miaka michache baadaye, C. G. Mung'ong'o aliandika Mirathi ya Hatari, iliyotoka mwaka 1977, na kuupindua mpangilio wote kwa pigo moja: kijana harithishwi shamba wala ng'ombe, anarithishwa uchawi wa baba yake. Tukiziweka kazi hizi tatu kwenye mstari mmoja, tunaona hoja ikikua. Kwa Abdallah, hofu inamnyima mtu mirathi. Kwa Abdulla, nyuma ya hofu kuna siri za ukoo. Kwa Mung'ong'o, hofu yenyewe ndiyo mirathi. Kutisha katika fasihi yetu kumekaa ndani ya ukoo, na fimbo yake ya kutembelea ni kanuni.

Mwandishi anayeishi leo Chanika ya Handeni, au Mombo, au Magoma, anaweza kuchukua nini kutoka hapa? Kwanza, asitafute kiumbe, atafute sharti. Nchi yake imejaa masharti yaliyowekwa na watu wa zama mbalimbali, na mengine hayana uhusiano wowote na mizimu. Fikiria mashamba ya mkonge ya Korogwe katika enzi za ukoloni, ambako kazi ya kibarua ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 iliyopaswa kujazwa alama siku baada ya siku kabla mtu hajalipwa. Riwaya ya kutisha imo ndani ya kadi hiyo: mtu anakufa ikiwa imebaki nafasi nne, na asubuhi inayofuata nafasi zimebaki tatu. Hakuna mzuka aliyehitajika. Kuna kanuni, kuna karatasi, na kuna safu za mkonge zilizonyooka zinazofanana mbele na nyuma. Hadithi za mumiani, ambazo Luise White alizichunguza katika kitabu chake cha mwaka 2000 kwa kuzifuata sehemu nyingi za Afrika Mashariki, zilipata nguvu kwa njia hiyo hiyo: zilijaa magari, ndoo, sindano na sare za kazi, na msikilizaji akaogopa kwa sababu vifaa hivyo alivijua.

Pili, ajifunze kuandika kwa sauti ya karani hata pale moyo unapomtaka apige kelele. Maneno kama vile ya kutisha, ya ajabu na ya kuogofya yanamfanyia msomaji kazi ambayo angeifanya vizuri zaidi mwenyewe. Mwandishi aandike jina la kituo, saa ya kuondoka kwa basi, idadi ya waliopanda na idadi ya walioshuka, na kama hesabu hizo hazilingani, asiseme lolote. Tatu, awe na desturi ya kusikiliza mazungumzo ya wazee wanapoamua jambo la mali au la mazishi, maana hapo ndipo kanuni hutamkwa kwa lugha yake halisi, kwa upole na kwa heshima, na upole huo ndio unaotisha. Nne, ajue mapema nafasi zipi ataziacha wazi kati ya tukio na tukio, na azilinde wakati wa kusahihisha, kwa sababu rasimu ya pili na ya tatu daima humshawishi mtu aeleze.

Liko jambo moja zaidi ambalo kisa cha Mbega kinalifundisha, nalo linavuka mipaka ya ufundi. Watoto vigego waliuawa kweli. Kanuni inayotupa sisi burudani ya kuogopa iliwagharimu wengine uhai, na kanuni za jamaa yake, zile zinazomnyooshea kidole bibi kizee mwenye macho mekundu au mtu mwenye ualbino, zimeua Watanzania katika miaka yetu hii. Hofu-kanuni ni chombo chenye nguvu kwa sababu ndivyo jamii inavyoua hasa: kwa sharti lililotamkwa kwa utulivu na watu wanaoheshimika. Ukubwa wa Abdallah, kwa maoni yangu, uko katika uamuzi wake wa kutuweka upande wa aliyeogopwa. Angeweza kuanza na watu wa Zirai na kumwacha Mbega awe kivuli kwenye moshi. Hadithi ingetisha, na ingekuwa ndogo. Alianza na mtoto, akatutembeza naye njia yote, akatuonyesha anayenyimwa, anayekimbia na anayepika nyama porini, kisha ndipo akaturuhusu tumwone kwa macho ya wanaomwogopa. Kwa hiyo tunaogopa mara mbili: tunaiogopa kanuni, na tunajiogopa sisi wenyewe tulivyo wepesi wa kuiamini. Riwaya ya kutisha itakayoandikwa Handeni au Korogwe na kustahili kukaa kando ya Habari za Wakilindi italazimika kuifikia hofu hiyo ya pili, na ili iifikie, mwandishi wake atapaswa kuamua, kabla ya sentensi ya kwanza, ni nani katika kikao cha ndugu atakayepewa kusimulia.